Kiingereza cha Ewesit

Jumapili moja baada ya ibada, Natabo alikuwa ameketi barazani akitoa mawe kwenye maharagwe, Wamucii, mke wa mwanawe Lomorukai, alipotoka ndani na simu mkononi, anacheka peke yake.

"Mama, hebu angalia hii kitu. Si hawa ndio wale wazungu Lomorukai husema mlikuwa mnaangalia na marehemu Baba?"

Natabo alijifuta mikono kwa leso, akaishika simu mbali kidogo na uso kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Alimwona mzee wa Kizungu, mrefu, mwenye upara, amekaa kwenye kiti cha jikoni. Hakumtambua. Kisha yule mzee akainua nyusi ya kushoto, polepole, ikapanda mpaka ikakaribia pale nywele zake zilipokuwa zikianzia zamani, na Natabo nusura aiangushe simu ndani ya maharagwe.

"Chifu!" akasema. "Kumbe bado yuko hai!"

"Ndiye huyo? Wamerudi, Mama. Walikuwa wameacha miaka mingi, sasa wanatoa vipindi vifupi kwa mtandao. Kila Ijumaa wanaweka kimoja."

"Na Karani je?"

Wamucii alipitisha kidole kwenye simu, akasoma kidogo. "Mmoja wao alikufa. Wamebaki wawili, huyu na mama mmoja mwenye miwani."

"Huyo ni Bibi Posta," Natabo akasema, kisha akairudisha simu na kuinamia maharagwe yake. Lakini Wamucii aliona kwamba anatabasamu, na kwamba mawe mengine anayaacha yapite.

Huko London hao watu walikuwa na majina yao, na kipindi chao kilikuwa na jina lake, lakini mtaani Wabera, mjini Isiolo, hakuna aliyehangaika nayo. Majina yaliyojulikana ni yale aliyowapa Ewesit, mumewe Natabo. Ewesit alikuwa dereva wa idara ya mifugo. Kwa miaka alimwendesha daktari mmoja Mwingereza kutoka Isiolo mpaka Merti na Korbesa, akilala naye maporini, akimsukumia gari mchangani, na kwa hiyo mtaa mzima ulikubaliana kwamba Kiingereza alikinywa njiani. Daktari alipomaliza kazi na kurudi kwao, alimwachia Ewesit televisheni ndogo isiyo na rangi.

Jumamosi jioni kilikuwa kikija kipindi cha kuchekesha kutoka Uingereza. Hakikuwa hadithi moja. Mtu aliingia ofisini akagombana na karani. Kabla hujajua ugomvi umeishaje, walikuwa wameshavaa nguo nyingine na wako mahali pengine wanagombania kitu kingine. Na Kiingereza chenyewe kilikimbia kama mbuzi walioona maji. Majirani walijaa sebuleni, kwenye viti, kwenye mkeka, wengine mlangoni, na wote waliuliza swali moja: "Ewesit, wanasema nini?"

Naye Ewesit aliwaambia. Alisimama kando ya televisheni, mkono mmoja juu, kwa sababu picha haikutulia mpaka aishike antena, akatafsiri hivyo hivyo, amenyoosha mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

Kile walichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cha ngamia. Chifu anaingia katika ofisi, anamwambia Karani amepoteza ngamia. Karani anamwambia amweleze huyo ngamia. "Ana miguu minne," Chifu anasema. "Wote wana minne," Karani anajibu. "Ana nundu." "Wote wana nundu." Basi Chifu anafikiri, anainua ile nyusi, anasema: "Huyu wangu akinitazama, najiona mjinga." Na Karani anaruka: "Huyo! Huyo tunaye! Mtoeni haraka, amemaliza ofisi nzima!"

Watu walicheka mpaka Abiba, jirani wa nyumba ya pili, akaomba maji. Kiogora, Mmeru aliyekuwa akiuza miraa karibu na stendi, alilibeba neno hilo mpaka sokoni, na haikupita muda mtaa mzima ukawa unalitumia. Mwalimu mkali aliitwa ngamia wa Chifu. Afisa wa kodi aliitwa ngamia wa Chifu. Wapo vijana wa Wabera wanaolitumia mpaka leo, wala hawajui lilitoka wapi.

Ewesit alikuwa amefariki kabla serikali za kaunti hazijaanza. Televisheni ile iliharibika kabla yake. Lakini Kiogora na Abiba walikuwa bado wapo, na Natabo alipowapa habari, Kiogora alisimama palepale njiani akaegemea bakora yake.

"Chifu mwenyewe? Si kijana wake?"

"Chifu mwenyewe, Baba Kanana. Amezeeka, lakini nyusi ni ile ile."

"Mama Lomorukai," akasema Kiogora, "mimi Jumapili nitakuja mapema."

Alikuja mapema kweli, amevaa koti. Abiba akafika baada ya swala ya adhuhuri na kikapu cha mahamri, akatoa salamu mlangoni, akaketi kwenye kiti kilekile cha kona alichokuwa akikipenda zamani, ingawa kiti chenyewe kilikuwa kipya. Wamucii aliunganisha simu na televisheni kubwa ya ukutani ambayo yeye na Lomorukai walinunua baada ya harusi. Wamucii alikuwa mtu wa kutoka Nyeri, mpole, aliyefanya kazi katika ofisi ya ardhi ya kaunti, na Kiingereza kwake kilikuwa chombo cha kila siku kama kisu cha jikoni.

"Wiki hii wamerudia moja ya zile za zamani," akasema. "Wameandika ni ile watu walipenda sana."

Chifu akaingia, anatembea pole. Nyuma ya meza, mahali pa Karani, ameketi Bibi Posta, amevaa kofia ya Karani. Kiogora akapiga goti lake. "Ni ile ya ngamia! Sikilizeni, ni ile ya ngamia!"

Wamucii akaanza kutafsiri, macho yake kwenye maandishi yaliyopita chini ya picha. "Anasema mchana mwema. Anasema amepoteza mwavuli kwenye treni."

"Amepoteza nini?" Kiogora akauliza.

"Mwavuli."

"Hapana. Ngamia."

"Hapa hakuna ngamia, Mzee. Ni ofisi ya vitu vilivyopotea. Anauliza, mwavuli wako ni wa rangi gani. Anajibu, ni mweusi. Anaambiwa yote ni meusi. Sasa anasema..." Wamucii alicheka kidogo. "Anasema, wangu umelowa. Mama anamwambia, kama unataka na mvua yake urudishiwe, hiyo ni ofisi nyingine."

Televisheni ilicheka, vicheko vya watu wasioonekana. Sebuleni hakuna aliyecheka. Abiba alitazama mahamri yake. Natabo alitazama nyusi ya Chifu ikipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na uhakika inapandia nini.

"Wameharibu," akasema Kiogora mwishowe, kwa huruma, si kwa hasira. "Msiwalaumu. Hao wamezeeka, wamesahau maneno yao. Karani ndiye alikuwa anawakumbusha. Sasa amekufa, wanasema tu chochote kinachokuja."

Wamucii alifungua mdomo. Natabo akamgusa mkono, akamnyamazisha kwa macho. "Chai inapoa," akasema. "Wamucii, mpe Mzee chai."

Wageni walipokwisha kwenda, Wamucii alikusanya vikombe. Alikuwa na akili ya kutosha kujua kuna kitu alichokivunja, ila hakujua ni kikombe gani.

"Mama, nimekosea mahali?"

"Hujakosea. Ulisoma kilichoandikwa." Natabo alikunja leso yake mara mbili. "Zile za zamani zenyewe, zinapatikana?"

"Wameziweka zote. Hata zile zisizo na rangi."

"Kuna moja ya Chifu na Bibi Posta. Wako mezani wanakunywa chai. Chifu anaongea sana, Bibi Posta hasemi kitu. Ukiipata, nionyeshe. Sisi wawili tu."

Kichekesho hicho kilikuwa na historia yake, ambayo Wamucii hakuijua, na hata Lomorukai aliijua nusu.

Watoto walipokuwa wadogo, misheni ya Wakatoliki ilifungua darasa la ushonaji kwa akina mama. Natabo alitaka kwenda. Ewesit alikataa. Hakutoa sababu, alisema tu, "Hiyo si kazi ya bibi yangu," na kila aliporudi kutoka safari alikuta jambo hilo limekaa nyumbani likimngoja. Mwisho Natabo alibeba watoto akarudi kwa wazazi wake Ngaremara. Alikaa huko mpaka mvua zikanyesha na kukatika. Ewesit alikuja kumchukua kwa gari la serikali, akakaa na baba mkwe chini ya kivuli cha boma, akala, akanyanyuka. Kwa Natabo alisema maneno mawili tu: "Nyumba imenyamaza." Hakusema nimekosa. Natabo alirudi kwa sababu watoto walihitaji shule, akiwa na moyo kama jiwe la kusagia.

Jumamosi ile ya kwanza majirani walijaa kama kawaida. Natabo aliketi nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Kilipofika kile cha mezani, Ewesit alitafsiri hivi: Bibi Posta alitaka kujifunza baiskeli, na Chifu akamkataza. Sasa Chifu anamwambia: "Nilikuambia utaanguka. Nilisema uongo. Nilijua hutaanguka. Niliogopa utafika mbali, na mimi nimebaki hapa nimeshika mlango."

Watu walicheka sana. Kiogora alisema wazungu nao wana mambo. Natabo pia alicheka, huku akimhurumia yule mama wa Kizungu, akajisemea kumbe hata huko ng'ambo wako hivi. Na siku chache baadaye, kabla hajaenda safari, Ewesit alisimama mlangoni akifunga viatu, akasema bila kuinua kichwa: "Ile darasa ya misheni, kama bado wanaandikisha, nenda."

Natabo alikwenda. Alishona sare za shule za nusu ya watoto wa Wabera; alisomesha wanawe; alikuwa na kibanda chake mjini mpaka macho yalipoanza kuchoka. Na miaka hiyo yote aliamini kwamba aliyempa ruhusa ni Chifu. Aliamini mume wake alisikia maneno ya Mwingereza mmoja kwenye televisheni, yakamchoma, akageuka. Hakuwahi kumwambia mtu. Lakini mara kadhaa kanisani, walipoambiwa wawaombee waliowatendea mema, alimwombea yule mzungu mrefu, kimyakimya, bila jina.

Wamucii aliipata jioni ya katikati ya wiki, baada ya kutoka kazini. Waliketi kitandani kwa Natabo, simu kati yao. Picha ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa kwenye televisheni ile ndogo. Chifu alikuwa kijana. Bibi Posta alimimina chai.

"Anasema nini?" Natabo akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Wamucii alisikiliza. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. "Mama, anasoma ratiba ya treni. Treni ya kwanza inatoka mahali fulani saa fulani, haisimami Jumapili. Ya pili inasimama. Ndiyo kichekesho chenyewe, nafikiri. Anasoma tu, na bibi yake anaendelea kumimina chai mpaka inafurika."

"Hasemi kuhusu baiskeli?"

"Hakuna baiskeli."

"Hamwambii bibi yake kitu?"

"Hamwangalii hata."

Natabo aliomba waione tena. Chai ilifurika, ikashuka mezani, ikamwagikia viatu vya Chifu, naye hakuacha kusoma. Wamucii alitaka kucheka, akaona uso wa mama mkwe wake, akaacha.

"Asante," Natabo akasema. "Nenda ukapumzike, mwanangu. Umekuwa kazini siku nzima."

Alipobaki peke yake, jambo la kwanza lililomjia lilikuwa aibu. Alijiona kama mtu aliyepita na nguo imepasuka nyuma, na watu wakamwacha apite. Amemwombea mtu kanisani kwa sababu ya treni! Baada ya aibu ikaja hasira, na hasira hiyo alishangaa kuikuta bado ina meno. Kama Ewesit alikuwa na maneno hayo, kwa nini hakuyaleta jikoni? Kwa nini hakuyasema Ngaremara, mbele ya baba yake? Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, wakazeeka kwenye kitanda hiki, akamuuguza, akamfumba macho. Hakuyasema.

Kisha, bila kulitafuta, akakumbuka kitu. Jioni ile picha ilikuwa imepotea. Watu walipiga kelele, "Ewesit, shika vizuri!" kwa sababu televisheni ilijaa chenga nyeupe tupu. Ewesit alikuwa ameushusha mkono, ameiacha antena, na alikuwa akiendelea kutafsiri. "Nyamazeni," aliwaambia, "bado anaongea." Wote wakanyamaza, wakasikiliza maneno ya Chifu kutoka kwenye kioo kisicho na mtu. Na Ewesit hakuwa akiitazama televisheni. Alikuwa ametazama upande wa mlango wa jikoni.

Natabo alikaa na hilo mpaka Wamucii alipomwita kula.

Kesho yake asubuhi alimpigia simu Lomorukai. Mwanawe alikuwa Korbesa na watu wa idara ya maji, wanatengeneza kisima, na mtandao ulipatikana tu akisimama juu ya lori.

"Mama, kuna shida?"

"Hakuna shida. Nauliza tu. Baba yako alikuwa anasikia Kiingereza ya wale watu wa televisheni?"

Natabo alisikia upepo wa Korbesa kwenye simu. Halafu mwanawe akacheka.

"Mama, mimi nilijua kitambo."

"Ulijua nini?"

"Nilikuja likizo nikiwa form one, nikaangalia na nyinyi. Baada ya watu kwenda nilimfuata nje, nikamwambia, Baba, hawasemi hivyo. Akaniuliza, kwani wanasema nini? Nikamwambia nimeshika kidogo, ni mambo ya kodi ya nyumba. Akaniambia, 'Sasa unataka mama Abiba na Kiogora waache kazi zao waje kuchekea kodi ya nyumba ya mtu wa London?'"

Natabo alicheka, akajikuta machozi yanatoka, akayafuta haraka kana kwamba mwanawe anamwona. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiwe ulikuwa unacheka kuliko wote."

"Na ile ya baiskeli? Aliwahi kukuambia kitu kuhusu ile ya baiskeli?"

"Baiskeli gani?"

"Basi, wacha," akasema Natabo. "Shuka kwa hiyo lori kabla hujaanguka. Kula vizuri."

Jumapili iliyofuata hakutaka wageni waje, kisha akataka waje. Alimwambia Wamucii apike chai nyingi. Kiogora alifika na bakora yake na koti lake, akaketi, akasema amewasamehe. "Nimefikiri," akasema. "Mtu akizeeka asisutwe. Hata mimi majina ya wajukuu yananipotea."

Kipindi kipya kilikuwa kifupi. Wamucii alikuwa amekitazama asubuhi, akamwambia Natabo kilichomo: Chifu na Bibi Posta wako jikoni, wanabishana nani ataachiwa kopo la biskuti mwingine akifa. Kati yao kuna kiti kitupu, na kwenye kiti hicho wameweka kofia ya Karani.

Picha ikatokea. Abiba alikiona kile kiti, akasema, "Inna lillahi," taratibu. Bibi Posta akaanza kuongea, akimnyooshea Chifu kidole.

"Haya," akasema Kiogora, "anasema nini?"

Wamucii akavuta pumzi. Natabo akanyanyuka.

"Ngoja, Wamucii. Punguza sauti. Leo nitasema mimi."

Alikwenda akasimama kando ya televisheni. Hapakuwa na antena ya kushika, kwa hiyo mikono yake haikujua pa kukaa. Mwishowe aliishika mbele, kama anayesubiri kupokea kitu. Maneno hayakuja. Bibi Posta alikuwa akiongea, anaongea, na Natabo amesimama tu, na kwa mara ya kwanza alielewa kazi ile ilivyokuwa ngumu: watu unaowajua wamekutazama, wageni wanaongea usichokielewa, na wote wanangoja wewe.

"Anasema..." akaanza. Akakohoa. "Bibi Posta anamwambia Chifu, wewe ni mwoga."

"Ah!" akasema Kiogora, akajisogeza mbele.

"Anamwambia, uliniambia jambo kubwa, ukalisema mbele ya watu, ukaniacha nidhani linatoka kwa mtu mwingine. Mimi nikashukuru mtu mwingine. Miaka yote hii nashukuru mlango ambao si wako."

Wamucii alikuwa amekaza macho kwa mama mkwe wake, ameacha kabisa maandishi. Abiba hakuwa anaitazama televisheni tena.

"Anasema, ungekuja jikoni. Jikoni hakuna mtu angekucheka. Ningekasirika kidogo, ndiyo. Ningekuwekea chakula baridi siku moja. Siku ya pili ningekupashia moto." Natabo alisita, kwenye kioo Bibi Posta naye alisita, akavua miwani kuifuta. "Lakini anasema amesikia. Amechelewa kusikia, lakini amesikia. Anasema, ulisema vizuri."

Kiogora alisafisha koo.

"Na Chifu je? Chifu anajibu nini?"

Natabo aligeuka akamtazama Chifu. Mzee yule alikuwa ametia biskuti nzima mdomoni, anaitafuna kwa shida, mashavu yamejaa, na ile nyusi yake inapanda, inapanda.

"Chifu anasema," Natabo akajibu, "angejibu, lakini biskuti imemkwama."

Kiogora alicheka mpaka bakora ikaanguka. Wamucii alicheka amefunika mdomo kwa mikono miwili. Abiba alicheka na kulia pamoja, akijifuta kwa ncha ya mtandio, na Natabo mwenyewe alilazimika kuushika ukuta.

"Unaona!" Kiogora akamwambia Wamucii, kama mwalimu aliyeshinda. "Ukimpata mtu anayesikia Kiingereza, hao wazee hawajasahau kitu!"

Walipokuwa wakiondoka, Abiba alibaki nyuma mlangoni, akaushika mkono wa Natabo kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya kuagana. "Ewesit alikuwa ananiangusha kwa kicheko," akasema, "lakini ile moja ya baiskeli sikuwahi kuicheka, Natabo. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kona. Nilikuwa namwona usoni."

"Hukuniambia."

"Nilidhani unajua."

Akaenda zake, viatu vyake vikiburuta kwenye changarawe, akamsalimia mtu njiani kwa sauti ya kila siku.

Ndani, Wamucii alikuwa akiosha vikombe. Natabo alichukua kitambaa akaanza kuvikausha. Jua la alasiri liliingia kwa dirisha la jikoni, likakaa juu ya sinki.

"Mama," Wamucii akasema bila kugeuka, "ile ya leo ilikuwa nzuri kuliko yao."

"Ya kwao iko na treni. Hiyo pia si mbaya." Natabo alikiweka kikombe, akachukua kingine. "Ijumaa wanaweka ingine?"

"Ijumaa, ndiyo."

"Basi ukimaliza hapo, nionyeshe inafunguliwa wapi. Nataka niwe naangalia mapema kabla hawa watu hawajakuja. Leo nilisimama pale kama kigingi."

Wamucii alijifuta mikono, akaleta simu, wakaketi barazani. Alimwonyesha pa kugusa, na pa kurudisha nyuma, na pa kuzima sauti. Natabo aligusa vibaya, likafunguka tangazo la sabuni. Akagusa tena, Chifu akatokea, na Natabo akaisogeza simu mbali kidogo na macho ili amwone vizuri.